Simu na saratani: tunaupinga mnara, tunasahau kilicho sikioni

#1 Mpimaji (mleta mada)

Wanajamvi, nawasalimu.

Katika mitaa mingi ya miji yetu, mwenye kiwanja anayekubali mnara wa simu usimikwe uani kwake hupata kodi nzuri na uadui wa majirani kwa mkupuo mmoja. Majirani humwandikia barua mwenyekiti wa mtaa, hukusanya saini, na hoja yao kuu huwa kwamba mionzi ya mnara italeta saratani. Jioni hiyo hiyo waliotia saini huzungumza na ndugu walio mbali kwa saa nzima, simu imebanwa kati ya sikio na bega, na hakuna anayehoji. Nimeleta mada hii kwa sababu naona hofu yetu imeelekezwa pasipo pake. Ikiwa lipo swali la kweli kuhusu simu na saratani, linahusu kifaa tunachokigusisha kichwani na si mlingoti ulio ng'ambo ya barabara. Na hata swali hilo limechunguzwa kwa kina kuliko wengi wetu tunavyodhani.

Mionzi si kitu kimoja. Mawimbi ya redio, mwanga wa jua, eksirei na mionzi ya gama vyote ni wa ukoo mmoja, lakini vinatofautiana kwa nishati inayobebwa na kila fotoni, yaani kila chembe moja ya mionzi hiyo. Eksirei na gama, ambazo ndizo hutumika pale Ocean Road kuwatibu wagonjwa wa saratani, zina nguvu ya kung'oa elektroni kutoka kwenye atomu na hivyo kuweza kuikata DNA. Fotoni ya simu inayotumia masafa ya megahezi 900 ina nishati ndogo kuliko fotoni ya mwanga wa kijani kwa zaidi ya mara laki tano, na mwanga huo wenyewe hauwezi kung'oa elektroni hizo. Ukiziongeza fotoni za simu hata mara elfu, hakuna hata moja miongoni mwao itakayopata nguvu zaidi. Kinachoongezeka ni joto. Ndiyo maana viwango vya usalama vimewekwa kwa kupima joto: nchi nyingi, zikifuata mwongozo wa Ulaya, huruhusu wati 2 kwa kila kilo ya mwili sehemu ya kichwa, wastani ukipimwa katika gramu 10 za nyama ya mwili, ilhali Marekani huruhusu wati 1.6 kwa wastani wa gramu 1. (Sikio linalopata moto baada ya mazungumzo marefu huunguzwa zaidi na betri, na kwa kuwa limefunikwa halipati hewa.)

Hata hivyo sipendi kuitumia fizikia kama rungu la kuwanyamazisha watu. Asbesto haitoi mionzi, pombe haitoi mionzi, na vyote viwili husababisha saratani. Huenda mawimbi ya simu yana njia nyingine ya kudhuru ambayo fizikia ya elektroni haiioni, na njia ya kulijua hilo ni kuwafuatilia watu wenyewe kwa miaka mingi. Kazi hiyo imefanyika. Nakaribisha maswali.

#2 Mama Wawili

Ndugu Mpimaji, nimesoma kwa makini, lakini umekwepa jambo ambalo kila mmoja wetu analijua. Shirika la Afya Duniani, kupitia taasisi yake ya utafiti wa saratani, lilitangaza kwamba mawimbi ya simu huenda yakasababisha saratani kwa binadamu. Halikutangazwa na waganga wa vichochoroni. Pili, shemeji yangu alikuwa akiuza mbao, na kwa muda wa zaidi ya miaka kumi simu haikutoka sikio lake la kulia. Uvimbe wa ubongo ulipogunduliwa, ulikuwa upande wa kulia. Madaktari hawakutwambia chanzo, lakini sisi tuliomjua tulijiambia chanzo ni nini. Unatujibu vipi watu kama sisi?

#3 Mpimaji

Dada, pole sana kwa msiba huo. Nitajibu yote mawili, nikianza na tangazo.

Ni kweli kwamba mwezi Mei 2011 wanasayansi 31 kutoka nchi 14 walikutana Lyon, Ufaransa, katika taasisi hiyo, na wakayaweka mawimbi ya redio katika kundi linaloitwa 2B. Taasisi hiyo haipimi ukubwa wa hatari, inapima uzito wa ushahidi. Kundi la 1 lina vitu vilivyothibitishwa: sigara, pombe, miale ya jua, na sumukuvu inayoota kwenye mahindi na karanga zetu zisipokaushwa vizuri. Kundi la 2A lina vitu ambavyo yaelekea husababisha saratani, kama vinywaji vinavyonywewa vikiwa na joto la zaidi ya nyuzi 65. Kundi la 2B ni la vitu ambavyo ushahidi wake ni mchache na haujatosha kushtaki wala kuachia huru. Humo mna maji yanayokamuliwa kutoka jani zima la mshubiri (aloe vera), ambayo watu wanayanunua kwa bei kubwa wakidhani ni dawa. Kahawa ilikuwamo pia kwa madai ya saratani ya kibofu tangu 1991, hadi ilipoondolewa mwaka 2016. Kwa hiyo tangazo lile lilisema kwamba jambo hili halijafungwa, liendelee kuchunguzwa.

Sasa ushahidi mchache uliowatia shaka ulikuwa upi? Kwa sehemu kubwa ulikuwa utafiti ulioitwa Interphone, uliofanyika katika nchi 13 na kuchapishwa mwaka 2010, ambapo wagonjwa 2,708 wa uvimbe wa ubongo uitwao glioma waliulizwa jinsi walivyotumia simu miaka iliyopita, kisha majibu yao yakalinganishwa na ya watu wasio wagonjwa. Matokeo yalikuwa ya ajabu. Watumiaji wa kawaida walionekana kuwa na uwezekano mdogo wa kupata glioma, pungufu kwa asilimia 19 kuliko wasiotumia, ilhali asilimia 10 ya juu kabisa, waliosema wamezungumza kwa saa 1,640 au zaidi, walionekana kuwa na uwezekano ulioongezeka kwa asilimia 40. Anayetaka kuishika ile 40 kama ushahidi wa madhara analazimika kuishika na ile 19 kama ushahidi kwamba simu ni kinga ya saratani, jambo ambalo hakuna anayelidai. Watafiti wenyewe waliandika kwamba watu wasio wagonjwa waliokubali kuhojiwa walikuwa zaidi wenye simu, na kwamba baadhi ya wagonjwa walitaja saa za mazungumzo zisizoweza kuaminika.

Hapo ndipo linapoingia suala la shemeji yako, na nalisema kwa heshima. Mtu aliyeambiwa ana uvimbe upande wa kulia huyapekua maisha yake yote kujua kwa nini, na kumbukumbu yake haitoi tena hesabu ileile ambayo angeitoa kabla ya kuugua. Familia nayo hufanya vivyo hivyo. Wengi wetu tunatumia mkono wa kulia, simu inakwenda sikio la kulia, na uvimbe usiokuwa na uhusiano wowote na simu bado utatokea upande wa kulia kwa karibu nusu ya wagonjwa. Kisa kimoja hakiwezi kutenganisha mambo hayo, hata kiwe cha kweli na cha kuumiza kiasi gani.

Dawa ya kumbukumbu ni kuwarekodi watu kabla hawajaugua. Denmark walichukua orodha ya wateja wa simu 358,403 na kuilinganisha na daftari la taifa la saratani. Ripoti ya mwaka 2011 haikuona ongezeko la uvimbe wa ubongo, hata kwa waliokuwa na simu kwa zaidi ya miaka 10. Utafiti huo una kasoro yake, kwani wafanyakazi waliotumia simu za ofisi hawakuhesabiwa miongoni mwa wenye simu. Uingereza waliwafuatilia wanawake 776,156 kwa wastani wa miaka 14, na taarifa ya mwaka 2022 haikuona tofauti kati ya wenye simu na wasio nazo. Mwaka 2024 ukatoka utafiti uitwao COSMOS, wa watu zaidi ya laki mbili na nusu katika nchi tano za Ulaya, nao haukukuta uhusiano kati ya saa za mazungumzo na glioma. Na mwaka huo huo mapitio yaliyoagizwa na Shirika la Afya Duniani, yaliyokusanya tafiti 63, yalifikia hitimisho hilo hilo.

Kuna kipimo kingine ambacho mimi binafsi nakiamini kuliko vyote, kwa sababu hakitegemei dodoso. Matumizi ya simu yalipanda kutoka karibu sifuri hadi karibu kila mtu katika muda wa miaka 20 hivi. Kama simu zingekuwa zinaongeza glioma kwa kiwango kinachosemwa, madaftari ya saratani ya Australia, Marekani na nchi za Nordiki, yanayoandika karibu kila mgonjwa, yangekuwa yameonyesha mlima. Mstari umekaa karibu ulipokuwa.

#4 Kitochi

Mkuu Mpimaji, hoja zako zimepangwa vizuri, ila mimi ni mzee kidogo na nakumbuka sigara nazo zilitetewa na watu waliovaa makoti meupe. Nani alilipia tafiti hizi? Na mbona hukuwataja wale panya wa Marekani? Serikali yao iliwaweka panya kwenye mawimbi ya simu wakapata uvimbe, habari ikazimwa. Au panya hawahesabiki pale wanapotoa jibu lisilopendeza?

#5 Mpimaji

Mzee wangu, panya wanahesabika, na nakiri kwamba hapo ndipo mahali pagumu zaidi katika mjadala mzima.

Utafiti unaousema ulifanywa na mpango wa taifa wa Marekani wa kuchunguza sumu, kwa fedha za umma takriban dola milioni 30, na ripoti yake ya mwisho ikatoka mwaka 2018. Haikuzimwa, iko wazi kwa yeyote. Panya wakubwa wa maabara waliwekwa kwenye mawimbi ya simu za kizazi cha pili na cha tatu (2G na 3G) kwa saa 9 kila siku kwa miaka miwili, tangu wakiwa tumboni mwa mama zao. Madume walipata uvimbe wa moyo unaotokana na utando wa mishipa ya fahamu, na watafiti wakauita ushahidi ulio wazi. Kati ya madume 90 ambao hawakuwekewa mawimbi, hakuna aliyepata uvimbe huo; katika dozi ya juu kabisa walipata 5 au 6 kati ya 90, kulingana na aina ya mawimbi. Majike hawakuonyesha matokeo ya wazi namna hiyo, wala panya wadogo.

Dozi hiyo ya juu ilikuwa wati 6 kwa kilo, mwili mzima. Kiwango kinachoruhusiwa kwa mwili mzima wa raia ni wati 0.08, yaani panya walipewa mara 75. Na madume waliowekewa mawimbi waliishi muda mrefu kuliko wenzao, jambo ambalo bado linawasumbua wanasayansi, kwa kuwa anayeishi zaidi anapata pia nafasi zaidi ya kuota uvimbe. Taasisi moja ya Bologna, Italia, nayo iliripoti uvimbe wa aina hiyo kwa panya dume mwaka 2018 kwa dozi ndogo zaidi. Mwaka 2025 mapitio mengine yaliyoagizwa na Shirika la Afya Duniani yakaupa ushahidi wa panya dume, kwa uvimbe wa moyo na glioma, uzito mkubwa kuliko watu wengi walivyotarajia. Taasisi ya Lyon imeshashauriwa na jopo lake iyapitie upya mawimbi haya kama jambo la kipaumbele. Sitashangaa daraja likibadilika, wala kubadilika kwake hakutayafuta yale madaftari ya saratani. Panya aliyewekewa mawimbi mwili mzima, kwa dozi inayopasha mwili wake joto, anatwambia kwamba jambo linaweza kutokea; hatwambii kwamba limetokea kwetu.

Kuhusu fedha, swali lako ni la haki. Sehemu ya fedha za Interphone ilitoka kwa sekta ya simu, ingawa ilipitishwa kwa chombo cha kati ili watoaji wasiyaguse matokeo. Lakini utafiti huo uliolipiwa kwa sehemu na sekta ndio uliozaa ile asilimia 40 inayonukuliwa na wapinzani wa simu, ilhali madaftari ya saratani hulipiwa na serikali kwa sababu zisizohusiana na simu kabisa. Sigara ilikuwa tofauti. Saratani ya mapafu ilipanda waziwazi hadi hospitali zikaona, na wauzaji ndio walioficha. Hapa tunatafuta ongezeko ambalo halijaonekana.

#6 Fundi wa Minara

Naomba nichangie, kwa kuwa kupanda minara ndiyo kazi inayonilisha.

Antena za mnara hazimwagi mawimbi chini kama mvua. Zimeelekezwa mbele na kuinamishwa kidogo tu, kwa hiyo aliye chini ya mnara, ambaye ndiye mwenye hofu zaidi, hupata mawimbi kidogo kuliko aliye mbali kiasi. Vipimo vinavyochukuliwa ardhini huwa chini ya kikomo kwa mara mamia hadi maelfu. Anayetakiwa kujihadhari ni mimi, ninayefika mbele ya antena kwa umbali wa mkono, na ndiyo maana utaratibu wa kazi unataka mtambo uzimwe au upunguzwe nguvu kabla hatujapanda.

Sasa sikilizeni sehemu ambayo wananchi hawaambiwi. Simu na mnara huzungumza kila wakati kuhusu nguvu. Simu ya kizazi cha pili inaweza kurusha hadi wati 2 kwa mapigo, ambayo ni wastani wa robo wati, lakini mnara ukiwa karibu huiamuru ishuke hata mara mamia, ili betri isiishe bure. Mnara ukiwa mbali, au mwenye simu akiwa ndani ya nyumba yenye kuta nene, simu hupiga kelele kwa nguvu yake yote. Mwanakijiji anayepanda kichuguu kutafuta mtandao, kisha anazungumza kijiti cha mtandao kikiwa kimoja, anapata mawimbi mengi zaidi kichwani kuliko mkazi wa Kariakoo anayeishi katikati ya minara kumi. Mitaa inayokataa mnara inajiongezea kile kile inachokikimbia. Simu za kizazi cha tatu na cha nne hurusha nguvu ndogo sana zikilinganishwa na zile za zamani, na hilo pia halisemwi.

Nikiwa kazini nimewahi kufukuzwa kwa mawe na watu walioshika simu mikononi, ila hilo tuliache.

#7 Mama Wawili

Kaka Fundi, hilo la nguvu kupanda mtandao ukiwa dhaifu sikulijua, na limenifikirisha. Bado nina maswali ya nyumbani. Wanangu wanachezea simu usiku. Fuvu la mtoto si jembamba? Sisi wanawake tunaweka simu kwenye sidiria sokoni kwa kuogopa vibaka, je, matiti? Vijana wa bodaboda wanaichomeka ndani ya helmeti. Na simu zenyewe nyingi ni feki. Halafu kuna vibandiko vinauzwa vya kuzuia mionzi: nivinunue?

#8 Mpimaji

Dada, nitayachukua kwa pamoja.

Kichwa cha mtoto hupokea mawimbi zaidi katika baadhi ya sehemu za ubongo, hilo ni kweli. Utafiti wa MOBI-Kids, uliofanyika katika nchi 14 kwa vijana wa miaka 10 hadi 24, ulilinganisha wagonjwa 899 wa uvimbe wa ubongo na vijana wengine, haukuona ongezeko. Lakini mtoto anayechezea mchezo kwenye kioo ameishika simu mkononi, mbali na kichwa, na usingizi anaoupoteza ni hasara ya hakika.

Kuhusu sidiria, mwaka 2013 madaktari wa Marekani waliandika habari za wanawake wanne wenye umri mdogo waliopata saratani ya titi mahali walipoweka simu. Ni wanne, katika nchi ambayo mamilioni huweka simu hapo, na saratani ya titi ni ya kawaida kuliko tungependa. Simu isiyozungumza hurusha mapigo mafupi ya hapa na pale tu. Ukiwa na wasiwasi, mkoba wenye zipu unatosha. Simu ndani ya helmeti ni hatari kubwa, kwa sababu ya lori lililo mbele ambalo kijana halitazami.

Simu feki ni hoja nzuri kuliko unavyoiona. Mwezi Juni 2016 Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania ilizifungia simu bandia, na Kenya ilikuwa imefanya hivyo mwaka 2012. Mojawapo ya sababu ni kwamba hakuna anayejua kilichomo ndani yake. Hata simu halali hukamatwa: Septemba 2023 Ufaransa ilisimamisha uuzaji wa iPhone 12 baada ya kuipima mkononi na kukuta wati 5.74 kwa kilo, wakati kikomo cha mikono na miguu ni wati 4, na mtengenezaji akalazimika kurekebisha programu. Katika simu nyingi halali, ukibonyeza *#07# utaonyeshwa kiwango chake.

Vibandiko usivinunue. Mwaka 2002 tume ya biashara ya Marekani ilizishtaki kampuni mbili zilizoviuza kwa madai ya uongo. Kibandiko kisichozuia kitu kimekulia fedha. Kile kinachozuia kweli kinaifanya simu ikose mtandao na iongeze nguvu, kama alivyoeleza Fundi. Anayetaka kupunguza mawimbi atumie spika au waya wa masikioni, kwani sentimita chache kutoka kichwani hupunguza sehemu kubwa, na asizungumze kwa muda mrefu mahali penye mtandao wa kusuasua.

Na kwa waliokusanya saini dhidi ya mnara: Tume ya Nguvu za Atomiki Tanzania hupima mionzi ya minara, na matokeo yanaweza kuombwa kwa maandishi. Wakati barua hiyo inaandikwa, wenye mabinti wa miaka 9 hadi 14 wawapeleke kituo cha afya wakachanjwe dhidi ya saratani ya mlango wa kizazi, ambayo ndiyo inayoongoza kwa kuwapata wanawake wa Tanzania, na ambayo chanzo chake kinajulikana.